Kupima Bayomasi ya Miti Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili kwa Msaidizi wa Utafiti

Fomu za vipimo vya miti zinarudishwa kila msimu kwa makosa yale yale. Mzingo umeandikwa kwenye safu ya kipenyo. Mkoko umepimwa katikati ya mizizi yake. Mti wa mpakani, huyu kauhesabu, yule kauacha. Kijana aliyetembea juu ya maweni tangu alfajiri anaambiwa arudi akapime upya, na mara nyingi posho ya kurudia haipo.

Wasaidizi wengi wanaoitwa kwenye kazi hii ni watu wa shehia zenyewe: Pete, Charawe, Ukongoroni, Konde, Makangale. Msitu wanaujua kuliko mtafiti. Kinachowaangusha ni kwamba hakuna aliyekaa nao akawaeleza kwa nini futi ishikwe hivi na si vile. Kwa hiyo hapa kila hatua imepewa sababu yake.

## Kwanza elewa kinachopimwa

Bayomasi ni uzito wa mti ukiwa mkavu kabisa. Hakuna anayeung'oa mti na kuuweka kwenye mizani. Tunapima kipenyo, pengine na urefu, tunaandika jina, kisha kanuni ya hesabu inatupa uzito.

Kwa miti ya mikokoni, kanuni inayotumiwa sana ni ya Komiyama na wenzake ya mwaka 2005. Uzito wa juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.251 mara msongamano wa mbao (gramu za mbao kavu katika kila sentimita moja ya ujazo) mara kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha 2.46. Tazama kipeo hicho vizuri, maana ndicho kinachoadhibu uzembe.

Chukua mti wa kipenyo cha sm 20 wenye mbao ya msongamano wa 0.8. Unapata kilo 319 hivi. Ukisoma sm 22 kwa sababu futi ililegea au ilipita juu ya mtambaazi, unapata kilo 403. Sentimita 2 tu, na uzito umeongezeka kwa zaidi ya robo.

Sasa andika mzingo mahali pa kipenyo. Mti huo huo una mzingo wa sm 62.8, na hesabu itauona kama mti wa kipenyo cha sm 62.8. Itatoa zaidi ya tani 5, karibu mara 17 ya ukweli. Mti mmoja wa namna hiyo unaharibu ploti nzima, yaani kipande chote cha msitu kinachopimwa.

## Vifaa

Hakikisha hivi vipo kabla ya kupanda gari ya shamba:

- Tepu ya kipenyo. Upande mmoja una sentimita za kawaida, upande wa pili una namba zilizokwisha kugawiwa kwa 3.14. Weka alama ya rangi kwenye upande wa kipenyo kabla hujatoka nyumbani.
- Futi ndefu ya mita 30 kwa mipaka ya ploti.
- Ufito ulionyooka uliokatwa mita 1.3 kamili, kimo kinapopimwa kipenyo. Usiamini kifua chako; watu hawalingani urefu.
- Klinomita au hipsomita kwa urefu wa mti.
- Dira, na GPS yenye betri za akiba.
- Chaki, na vibati vya namba ikiwa kibali kinaruhusu kupigilia.
- Fomu, ubao wa kuandikia na penseli. Kalamu ya wino haifai. Jasho na mvua vinafuta.
- Magazeti ya kubania majani.
- Buti ngumu, soksi ndefu, nguo za mikono mirefu. Mikokoni vaa viatu vya kufunga kamba, maana tope linavua ndara na mabuti mapana.
- Maji ya kunywa, boksi la huduma ya kwanza, filimbi, na simu yenye chaji.

## Hatua ya 1: Makubaliano na ruhusa

Mwombe mtafiti akuoneshe kibali cha utafiti na ruhusa ya mamlaka ya misitu. Kisha nendeni pamoja kwa sheha. Msitu ukiwa chini ya kamati ya uhifadhi ya kijiji, kamati nayo ijue. Mkiingia kimyakimya na mapanga na rangi mkononi, wenyeji wana haki ya kuwashuku.

Papo hapo uliza posho, usafiri, chakula, na nani anagharimia matibabu mtu akiumia. Uliza pia kama kijiji kitaletewa matokeo. Hilo si ombi la kuonea haya. Ardhi ni ya watu, na wewe ndiye utakayeulizwa baada ya mgeni kuondoka.

## Hatua ya 2: Chagua siku kwa kufuata maji na mvua

Mikokoni, mwenye ratiba ni bahari. Ghuba ya Chwaka, Pete, Micheweni, kote ni hivyo hivyo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na kupwa kwa asubuhi huwa karibu saa 4. Hiyo ndiyo nafasi ya kufika kwenye miti ya mbele kabisa, mipia na michu inayoelekea bahari. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi.

Ingia kama saa 2 kabla ya maji kufika chini kabisa. Anza na ploti ya mbele, kisha rudi ukielekea nchi kavu. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na ploti iliyo karibu na njia, na maji yanawakuta mbele kazi ikiwa nusu. Maji yakigeuka, toka, hata kama miti mitatu imebaki. Vijito vya mikokoni hujaa kabla hujaona maji mbele yako.

Nchi kavu, epuka masika kadiri inavyowezekana. Msitu wa Jozani umekaa juu ya maji ya ardhini, na baada ya mvua kubwa sehemu yake hufurika. Huko ufito wa mita 1.3 hauwezi kugusa udongo unaouona.

## Hatua ya 3: Fika kwenye kitovu cha ploti, wala usikihamishe

Angalia mpangilio wa GPS kabla ya kuondoka: mfumo wa kutaja mahali uwe WGS84, na kama unatumia UTM, yaani mahali kwa mita, kanda iwe ya 37 Kusini. Ramani za zamani zilichorwa kwa vipimo vya Arc 1960. Ukichanganya viwili hivyo utakwenda kando kwa mita nyingi na hutajua. Chini ya miti mirefu subiri dakika chache mpaka usomaji utulie.

Kitovu kikiangukia kwenye kichaka cha miba au kwenye mawe makali, kibaki hapo hapo. Kila timu ikisogea kidogo kutafuta pahala pazuri, basi tutakuwa tumepima sehemu nzuri za msitu, na tutasema ndio msitu. Pasipofikika kabisa, mathalan kwenye shimo la pango, andika kwenye fomu "haikufikika" na sababu yake. Hiyo nayo ni takwimu.

Maweni yana nyufa na mashimo yaliyofunikwa na majani. Anayetangulia apige fimbo mbele ya mguu. Upupu ukikugusa usijisugue. Mkiona siafu, rukeni njia kwa upana, na mkisikia nyuki mwacheni mti huo mpaka mwisho. Nyoka muacheni apite. Kima punju wa Jozani msiwalishe wala msiwakaribie, hata wakiwasogelea wenyewe.

## Hatua ya 4: Chora duara na amua mpaka

Ukubwa wa ploti utapewa na mtafiti. Mpango unaoigwa sana ni ule wa NAFORMA, tathmini ya misitu ya Tanzania Bara, wenye duara ndani ya duara. Ndani ya mita 1 kutoka kitovuni pima shina lolote lenye kipenyo zaidi ya sm 1. Ndani ya mita 5, zaidi ya sm 5. Ndani ya mita 10, zaidi ya sm 10. Na ndani ya mita 15, zaidi ya sm 20. Mikokoni mara nyingi utakuta duara la mita 7.

Sababu ya mpango huo ni kuokoa muda: miti midogo ni mingi, haipimwi yote. Lakini kila mti unasimamia wenzake. Mti wa sm 12 ndani ya duara la mita 10 unahesabiwa kama miti karibu 32 kwa hekta. Wa sm 6 ndani ya mita 5 unahesabiwa kama 127. Ndiyo maana mti wa mpakani hauamuliwi kwa macho.

Kanuni ni moja: mti umo ndani ikiwa katikati ya shina lake, pale linapotoka ardhini, pako ndani ya umbali. Futi ishikwe mlalo, isifuate mteremko. Kwa mti uliopo mpakani, mmoja ashike kitovu, mwengine apeleke futi mpaka ubavuni mwa shina, usawa wa katikati yake. Msikubaliane kwa kuoneana huruma.

Anzeni kaskazini na mzunguke kama mshale wa saa, mkipiga chaki kila mti uliopimwa, alama ikitazama kitovu. Mkimaliza, msimame kitovuni na kuzungusha macho: kila shina linalostahili lina chaki, na hakuna lenye chaki mbili.

## Hatua ya 5: Kipenyo, usawa wa kifua

Hapa usiharakishe. Kama una saa moja kwenye ploti, nusu yake iishie hapa.

Simamisha ufito ubavuni mwa shina. Ncha ya chini iguse udongo wenyewe. Majani makavu yasukume kwa mguu. Pitisha tepu mahali ufito unapoishia. Tepu ikate shina kwa pembe mraba, isilegee, isijikunje nyuma ambako huoni. Zunguka uone upande wa pili kwa macho yako.

Mtambaazi ukiwa umekumbatia shina, pitisha tepu chini yake. Usiukate bila ruhusa. Maganda yaliyokwisha kuachia yapanguse kwa kiganja.

Soma mpaka milimita: 23.4, si 23. Msomaji ataje kwa sauti, mwandishi arudie kwa sauti, kisha ndipo aandike. Timu zinazorudia kwa sauti hazina ugomvi jioni.

Sasa miti isiyonyooka, ambayo Unguja na Pemba ndiyo mingi.

Mteremko. Pima kutoka upande wa juu wa mteremko.

Mti ulioinama. Mita 1.3 ifuate shina lenyewe, upande ule ulioinamia, na tepu ikae mraba na shina, si mlalo na ardhi.

Panda. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, kila tawi ni shina lake: lipime na kuliandika mstari wake, lakini yote yabebe namba moja ya mti. Likigawanyika juu ya mita 1.3, ni shina moja. Panda ikiwa hapo hapo kwenye mita 1.3, shuka mpaka pale uvimbe unapokwisha, pima, na uandike ulipima kimo gani.

Vichaka vya maweni. Midaa na jamii zake hutoa mashina mengi kutoka shina moja la chini, na timu zilizochoka hupima nene moja na kuendelea. Usifanye hivyo. Katika msitu wa maweni wa Kiwengwa au Muyuni, sehemu kubwa ya uzito inakaa kwenye mashina hayo membamba.

Mizizi bapa. Ngezi na Jozani kuna miti iliyotanua mizizi kama kuta. Panda juu ya mizizi hiyo, ongeza sm 30 kutoka inapoishia, pima hapo. Usipofika kwa usalama, usikisie kimoyomoyo. Andika "imekisiwa" ili mwenye hesabu ajue.

Mkoko. Nakusudia mkoko wenyewe, ule unaosimama juu ya mizizi yake. Mita 1.3 haina maana kwake, kwani mara nyingi hapo ni mizizi tu. Tafuta mzizi wa juu kabisa unaotoka kwenye shina, pandisha sm 30, pima hapo. Mzizi mmoja mwembamba uliotoka juu sana tawini usikudanganye. Fuata ule wa juu unaotoka kwenye shina kuu. Mchu, msinzi, mkandaa na mkomafi hupimwa mita 1.3 kama miti mingine.

Na mikokoni tembea kwa adabu. Vijiti vinavyochomoza kwenye tope chini ya mchu na mpia ni mizizi ya kupumulia. Timu ya watu watano ikipita juu yake mara kwa mara, itakuwa imeuumiza msitu inaoupima.

Mnazi, mchikichi na mkadi. Hii hainenepi mwaka hadi mwaka kama miti mingine, hivyo kinachobeba uzito ni urefu. Andika vyote, na uitenge kwenye fomu ili isiingizwe kwenye kanuni isiyo yake.

Jaribio la mwisho la hatua hii: mwenzako achukue mti mmoja kati ya kila kumi na kuupima upya bila kuona namba ya kwanza. Tofauti ikibaki ndani ya milimita chache, mko sawa. Ikizidi, rudini kwenye ufito. Mara nyingi kosa liko kwenye kimo.

## Hatua ya 6: Jina la mti

Jina si pambo. Msongamano wa mbao unatokana na jina, na kanuni inazidisha moja kwa moja. Ukiandika mti wa mbao ya 0.8 mahali pa mti wa 0.5, umeuongezea uzito kwa asilimia 60 bila kugusa tepu.

Andika jina la pale pale, kama mjuzi wa miti anavyolitaja, na uandike ni shehia gani. Unguja na Pemba zinapishana kwenye majina kadhaa, na hata kusini na kaskazini ya Unguja hupishana. Usilitengeneze jina lifanane na unalolijua wewe. Mzee anayejua miti alipwe kama mtaalamu, kwa sababu ndiye mtaalamu wa ploti hiyo.

Mkishindwa, mpe mti namba ya siri ya timu, kata kijitawi chenye majani, na ua au tunda kama lipo, ukibane kwenye gazeti lenye namba hiyo hiyo. Piga picha ya gome. Kuandika "haijulikani" bila sampuli ni kuutupa mti.

## Hatua ya 7: Urefu

Miti ya nchi kavu mara nyingi huhesabiwa kwa kanuni ya Chave na wenzake ya mwaka 2014, inayotaka kipenyo, msongamano na urefu: 0.0673 mara (msongamano × kipenyo² × urefu) kwa kipeo cha 0.976. Urefu ukikosewa, uzito nao unakosewa karibu kwa kiasi kile kile.

Simama mbali na mti angalau kama urefu wake, ukiona kilele na shina kwa pamoja. Pima umbali kwa futi. Kwa klinomita ya asilimia, soma kilele, kisha soma shina. Ukiwa mita 20, kilele kikisoma 65 na shina likisoma 8 chini ya usawa wa jicho, jumlisha: 73. Zidisha kwa 20, gawa kwa 100. Mti una mita 14.6. Shina likiwa juu ya usawa wa jicho lako, toa badala ya kujumlisha.

Miti yenye vichwa vipana, kama mtondoo, hudanganya. Jicho linakamata tawi la mbele lililo karibu nawe badala ya kilele, na mti unarefuka kwenye karatasi. Mwenzako autikise au asimame chini ya kilele akuoneshe. Mti ulioinama, simama ubavuni mwake, usisimame unakoinamia wala unakotoka.

Msitu wa Ngezi ni mzito, pengine hamtaona vilele. Ndiyo maana watafiti wengi huchagua miti michache kwa ploti, mdogo, wa kati na mkubwa, waipime kwa uangalifu. Urefu wa miti mitatu uliopimwa sawasawa una faida kuliko wa miti arobaini uliokisiwa.

## Hatua ya 8: Miti mikavu na visiki

Mti mkavu uliosimama pima kama mzima, ila andika hali yake: una matawi madogo bado, umebaki na matawi makubwa tu, au ni gogo tupu. Kisiki pima kipenyo cha juu na kimo chake.

Hapa kuna jambo la kuangalia na majirani. Visiki vinaweza kuonesha ukataji wa kuni, mkaa au boriti, na watu wataogopa. Waambie mapema kwamba mnaandika visiki, si majina ya watu, na lishikeni neno hilo. Kuficha visiki ili kumlinda mtu kunaharibu takwimu, na kumtaja mtu kunaharibu imani. Visiki viandike kwa ukweli, mtu usimtaje kabisa.

## Hatua ya 9: Karatasi

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba na uandike sahihi pembeni. Usifute kwa raba. Namba ya awali wakati mwengine ndiyo iliyokuwa sahihi. Safu isiyo na kipimo weka kistari, usiweke sifuri, kwani sifuri ni kipimo.

Kabla hamjaondoka kwenye ploti, hesabuni miti yenye chaki na mistari ya fomu. Zikilingana, ondokeni. Jioni piga picha ya kila karatasi na kuituma, siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 10: Fanya hesabu ya majaribio mwenyewe

Wasaidizi wengi huachia ofisini. Mimi nakushauri uchukue simu usiku huo na upige hesabu ya miti mitano. Ndipo utakapouona mti wa tani 5 kwenye msitu ambao mti mnene kuliko wote ulikumbatiwa na mikono ya mtu mmoja, na bado mko karibu vya kutosha kurudi kesho asubuhi.

Tumia kanuni ya mikokoni kwa miti yote ya mikokoni na ya nchi kavu kwa nchi kavu. Ukitaka kaboni, zidisha uzito mkavu kwa 0.47. Ukitaka hewa ya ukaa, zidisha kaboni kwa 3.67. Mti wetu wa kilo 319 una kaboni ya kilo 150 hivi, sawa na kilo 550 za hewa ya ukaa. Namba hizo uzipeleke pia kwa sheha na kamati, pamoja na majina ya miti kama watu wa pale walivyoyataja.